Mtu Aliyemkalisha Baba Yangu Juani

Tulimwita Mwenyekiti, na mimi sitamwita vinginevyo hata leo, ingawa sasa ni baba mkwe wangu. Jina lake nalijua vizuri. Kwa mila za Wanyakyusa, mke hatamki jina la baba wa mume wake, na katika mila zote nilizozikuta hiyo ndiyo sijawahi kuilalamikia. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa Kyela waishio Dar es Salaam, chama cha kuzikana na kuchangiana harusi, na alikiongoza miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kupigiwa kura. Alikuwa na nyumba Temeke. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na vyumba vinne vya uani alivyowapa wanafunzi wa kutoka nyumbani wakae bila kodi. Nilikaa humo miaka mitatu. Naandika habari zake kwa sababu kila anayemfahamu humsifu, na mimi sifa hizo zimenichosha.

Alikuwa mfupi, shingo nene, mikono midogo isiyolingana na mwili. Alipenda suruali za kaki zilizopigwa pasi hadi mikunjo inasimama yenyewe. Pasi tulipiga sisi. Kila asubuhi alisimama uani akatoa salamu ya kwetu, "Mugonile!", kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, hata majirani Wazaramo wakazoea kuitikia. Hakuwahi kutukana. Hasira yake ilikuwa ya upole, ya kukuita "mwanangu" mara tatu kabla hajakuumiza, na ndiyo maana ilichukua muda mtu kutambua kwamba ameumizwa.

"Ukivuka geti hili umeshashuka stendi ya Kyela," alikuwa akituambia. "Dar iache huko nje na vumbi lake."

Na kweli ndani ya geti palikuwa Kyela, lakini Kyela ya kichwani mwake. Wageni walisalimiwa kwa kupiga magoti. Wasichana hatukuvaa suruali. Redio ilikuwa moja na ilikuwa yake. Mkutano wa chama ulikaa kwake Jumapili ya mwisho wa mwezi, nasi tulimenya ndizi za mbalaga, chakula cha kwetu, tangu alfajiri, sufuria mbili kubwa, hata kama Jumatatu yake ni mtihani. Wageni walikula wakashiba, wakatutazama tunaosha vyombo, wakasema, "Mwenyekiti, unalea!" Yeye alijibu, "Si mimi, ni Mungu," huku akitazama viatu vyake. Hatukulipa kodi, hilo ni kweli, lakini sijawahi kuona nyumba ya kupanga inayochosha mgongo kama ile ya bure.

Watoto wa siku hizi ninaowafundisha sekondari hapa Kyela huniuliza chuo Dar kikoje. Nawaambia ukweli. Fedha ya mkopo, ambayo sisi tuliiita bumu, ilipoingia tulikula chipsi mayai wiki moja kama watoto wa mawaziri. Wiki ya tatu tulikuwa tunapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja kwa siku, tukausukuma hadi saa kumi jioni ili utubebe mpaka kesho. Sabuni ya mche tuliikata kwa uzi. Maharage tuliyachemsha Jumamosi yakatufikisha Jumanne, na Jumanne tuliyatia tangawizi nyingi ili yasinuke uchachu. Kitini cha somo tulitoa nakala moja tukaigawa vipande vitatu, kila mtu akasoma kipande chake kisha akabadilishana na mwenzake, na kuna mada moja ya historia ambayo mpaka leo naijua mwanzo na mwisho tu kwa sababu aliyekuwa na kipande cha katikati alihama. Kwenda chuoni nilitembea. Viatu viliisha upande wa kisigino, nikajifunza kukanyaga kwa nje.

Kilichotuokoa ni mchele. Wazazi walituma gunia kwa basi, jina limeandikwa kwa wino mzito, na siku gunia linapofika chumba kizima kilinukia nyumbani. Lakini gunia halikukaa chumbani. Mwenyekiti alitaka mchele wote umiminwe kwenye pipa moja la bluu lililokaa sebuleni kwake, na alichota mwenyewe kwa kopo kila jioni. "Mkila kila mtu na gunia lake mtakuwa watu wa Dar," alisema. Sitamnyima haki yake: mwenye gunia na asiye na gunia walipata kopo lile lile. Kulikuwa na kijana kutoka pwani ya ziwa, watu wa kwao ni wavuvi na wafinyanzi, hawana shamba la mpunga, na alikula miaka mitatu bila mtu kumsimanga. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumchukia vizuri, lazima kwanza uruke mambo mengi mema aliyofanya.

Mimi mwenyewe nina la kwangu la kuruka. Mwaka wa kwanza nilipata homa ya matumbo, na ni yeye aliyenipakia kwenye gari la jirani hadi hospitali. Alikaa pembeni ya kitanda changu siku nne. Alilala kwenye benchi. Alinimenyea machungwa kwa kisu kidogo cha mfukoni, akanipa kipande kimoja kimoja, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani ni baba yangu. Niliporudi uani aliniondolea kazi ya maji mwezi mzima. Wakati mwingine nikiwa nimekaa na chuki yangu kwa raha, machungwa yale hunijia, nami huyafukuza.

Jambo lililowashangaza hata wenzake ni alivyoshika mila ya ukwe. Kwetu zamani mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Hakai naye chumba kimoja, hapiti njia anayopita, hamsemeshi. Wazee huiita kutila. Kijijini kuna nafasi, kuna migomba ya kujibanza, mila inawezekana. Isitoshe, watu wa makanisa walikwisha kuilegeza siku nyingi. Baba mkwe akisema "mwanangu, nimekuruhusu", mambo yanaisha mnakunywa chai pamoja. Mwenyekiti hakumruhusu mtu. Mtoto wake mkubwa aliishi na mke wake katika nyumba ile ile, yenye korido moja na bomba moja. Nilimwona yule dada akiacha ndoo inafurika akakimbilia nyuma ya bati la choo kwa sababu mkwewe ametoka kupunga upepo. Mara moja alikaa huko tangu adhuhuri hadi Mwenyekiti alipomaliza kusoma gazeti, mtoto mgongoni analia.

"Unamtesa mkamwana," mzee mmoja wa chama alimwambia mbele yetu.

"Namheshimu," Mwenyekiti alijibu. "Heshima isiyouma si heshima, ni salamu tu."

Alisema hivyo akatabasamu, na tukacheka, maana alijua kusema. Hata mimi nilicheka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa pili rafiki yangu Atupele, tuliyesoma naye tangu shule ya msingi kijijini kwetu Busale, alikosa kitanda hosteli. Vitanda vya chuo havikutosha, kwa hiyo mwenye kitanda alimchukua asiye nacho wakalala wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Tuliita kubebana, na kila mwanafunzi wa enzi zetu amebeba au amebebwa. Nikambeba Atupele. Aliingia jioni kama mgeni wa kuazima daftari, akatoka alfajiri kabla ya "Mugonile!" Kopo langu la mchele tuligawana, nami mara mbili tatu, wakati Mwenyekiti yuko msibani, nilijichotea la pili kutoka kwenye pipa. Sikuona kuwa ni wizi. Gunia la mwisho kumiminwa mle lilikuwa la baba yangu.

Sikujua kwamba ndani ya pipa alikuwa anachora mstari kwa mkaa.

Hakuniuliza. Alisubiri Jumapili ya mkutano, watu wamejaa, akanisimamisha katikati nikiwa na sinia la ndizi mkononi. "Mwanangu," akasema, "mwanangu, mwanangu, waambie wazazi wako hawa mgeni wako anakula nini na nani." Kisha akatoa simu, akampigia baba yangu Busale, akaweka sauti ya nje. Baba hakujua kwamba watu hamsini wanamsikiliza. Alianza kwa furaha, akisalimia kwa Kinyakyusa, akiuliza habari za mji. Mwenyekiti akamweleza, polepole, kisha akasema, "Njoo umchukue, au njoo uombe."

Baba alikuja kuomba. Ikiwa ningefukuzwa pale, chuo kingekuwa kimeisha, maana fedha ya kupanga hatukuwa nayo na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alifika saa tatu asubuhi na gunia jipya la mchele, mkungu wa ndizi, na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, alichokipakata safari nzima kisivunjike. Shati lake lilikuwa lile la kanisani. Alibisha hodi. Sauti ya Mwenyekiti ikatoka ndani: "Asubiri hapo." Basi akasubiri hapo. Hapakuwa na kivuli. Nilimpa ndoo ya kufulia nikaigeuza, akakaa juu yake, katikati ya uwanja, mzigo wake miguuni, na watu waliokuja kwa shughuli za chama wakampita wanaingia ndani na kutoka. Ndani redio ilikuwa inaimba kwaya. Nilimletea maji mara nne. Mara ya nne nikamwambia nakwenda kuuvunja ule mlango.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Wewe unasoma."

Mwenyekiti alitoka saa tisa. Baba yangu, mtu aliyemzidi umri, akachutama mbele yake akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe mimi. Mtoto ni wangu." Mwenyekiti akajibu, "Haya. Gunia liingizeni ndani." Hakumpa kiti, hata maji. Baba alilala stendi, akapanda basi la asubuhi. Hakulizungumza tena jambo lile, si kwangu si kwa mama, na masika ya mwaka uliofuata alifariki kabla hajaniona na joho. Tangu siku ya ndoo nilitaka kitu kimoja tu duniani: yule mtu amwombe baba yangu msamaha. Sikutaka aniombe mimi. Nilitaka amwombe baba, kwa maneno, kwa sauti.

Atupele alihamia kwa msichana mwingine, akabebwa huko mpaka akamaliza. Yuko Dodoma sasa, ana cheo. Nikimpigia nikamkumbusha habari zile hucheka hadi anakohoa. "Wewe bado tu?" huniuliza. "Shoga, mimi nilishasamehe kabla hata ya matokeo." Ni rahisi kwake. Hakuwa baba yake.

Watu wataniuliza niliwezaje kuolewa na mtoto wa mtu huyo. Nilimpenda, basi. Alikuwa mtoto wake wa mwisho, mpole, aliyekuwa akituchotea maji kwa siri baba yake akitoka. Lakini sitajisafisha: siku niliyokubali niliwaza pia kwamba sasa Mwenyekiti atalazimika kwenda Busale, kuinama kwenye uwanja wetu, kuomba. Hakwenda. Alituma washenga. Harusi ilifungwa Dar, na Busale hakuwahi kukanyaga.

Kisha yeye mwenyewe akaniletea kisu mkononi. Mke wake alipofariki alirudi Kyela, akahamia Bondeni, kwenye ua uleule tunaoishi mimi na mume wangu, sote walimu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitaka kuzungumza. Mtu aliyezoea kuzungukwa na watu hamsini alibaki na redio, na wakati wa likizo, mume wangu akiwa shambani, mtu pekee aliyeshinda nyumbani ni mimi. Nami nikashika mila. Nilipika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, na ndizi, nikapeleka sahani hadi kizingitini, nikagonga mlango, nikajibanza. Akitoka, nimeingia. Akija jikoni, nimetokea mlango wa nyuma. Alinisikia nikipita, hakuniona. Wanawake wa kanisani hunitolea mfano. "Siku hizi nani anamheshimu mkwe hivi?" husema. Nami huitikia kwa unyenyekevu, kumbe ndani nafurahi kama mtu anayenoa panga.

Jumamosi moja mwaka huu mume wangu alikuwa amekwenda Itungi kununua samaki. Nilikuwa jikoni. Mwenyekiti akaja taratibu na fimbo yake, akasimama upande wa pili wa ukuta wa mabanzi.

"Mkamwana, upo?"

Niligonga mwiko kwenye sufuria, ajue nipo.

"Mwanangu, nimekuruhusu," akasema. "Leo nimekuruhusu mbele ya Mungu. Njoo tukae barazani. Nina neno juu ya baba yako, sitaki kufa nalo."

Miaka yote hiyo nilisubiri neno lile, na sasa limekuja hadi jikoni kwangu kwa miguu yake lenyewe. Kutoka ilikuwa hatua tatu. Kama ningetoka, angeniomba mimi, nami ningelazimika kusema "yamekwisha, Baba", kwa sababu mtu mzima anayelia mbele yako hujibiwa hivyo. Nikavunja mila kwa sentensi mbili tu.

"Baba, mimi si mtu wa kusimama mbele yako," nikamwambia kupitia ukuta. "Mwenye neno hilo yuko Busale."

Nilimsikia akihema.

"Ndaga," akasema mwishowe, akashukuru, akaondoka na fimbo yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Busale kuvuna kakao. Nyumba yetu haina mtu siku hizi, mama anakaa Mbeya kwa kaka yangu. Nilikuwa katikati ya miti nikikata matunda niliposikia bajaji inaingia uwanjani. Nikaona kwanza fimbo, kisha suruali ya kaki. Miguu yangu yenyewe ilinirudisha nyuma ya shina, kwa mazoea.

Kwenye uwanja wetu, karibu na njia, kuna kaburi lenye vigae vyeupe na msalaba wenye jina la ukoo. Ni la baba mkubwa, kaka wa baba; watoto wake wana uwezo. La baba yangu liko ng'ambo ya kakao. Ni udongo na mawe ya kuzungushia, kwa sababu mwaka ule kila tulichokuwa nacho kilikwenda kwenye ada yangu. Dereva aliona vigae, akasoma jina, akamshika mzee mkono akampeleka hapo. Mwenyekiti hakuwa na macho ya kuhakikisha.

Alimwambia dereva akasubiri barabarani. Kisha akashuka, goti moja, halafu la pili, ilimchukua muda, akaweka kiganja juu ya kigae.

"Mzee mwenzangu," akasema. Alisema kwa sauti, kama alivyozoea kuongea. "Nilikusikia ulipobisha hodi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kochi, na dirishani nilikuona. Nilijua jua ni kali. Nilitaka watu wa chama wapite wakuone, wajue kwangu mtu anaomba namna gani. Kisha siku zikapita nikaona aibu, na aibu nikaifanya ukali. Nisamehe. Mtoto wako ananipikia kila siku. Nisamehe, mzee mwenzangu."

Alilia. Nililia pia, mdomo nimeuziba kwa kanga. Kila neno nililolitaka lilikuwa limesemwa, hata yale nisiyoyajua, na lilikuwa limesemwa kwa baba mkubwa, mtu aliyemnyima baba yangu nauli ya safari ile ile. Neno moja kutoka nyuma ya mti lingetosha. Siyo hapo, Baba. Angenyanyuka, ningemwonyesha njia kwa kidole, hatua thelathini. Mila haikunizuia. Alikwisha kuniruhusu.

Nilinyamaza. Dereva alirudi, akamsaidia kusimama, akampangusa magoti. Mwenyekiti alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Bajaji ikazunguka uwanjani, ikaondoka.

Mume wangu anasema baba yake amebadilika, anakula vizuri, usiku anakoroma. Sijamwambia kitu yeye wala mtu mwingine. Siku ile, vumbi lilipotulia, niliacha kisu kwenye kakao nikavuka hadi ng'ambo, nikaokota majani yaliyoangukia mawe, nikakaa chini.

"Hajaja bado, Baba," nikamwambia.